UMRI WA MTOTO MCHANGA: KUHESABU MAJUMA ALIYOKAA TUMBONI MWA MAMAYE

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Halmashauri ya Afya mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri ya Afya ilipoombwa ichague jambo moja la kuueleza Mkutano huu, yalitajwa mengi yanayojulikana na watu wote, kama vile usafi wa maji na kujikinga na mbu. Tukaona afadhali tuzungumze habari ya jambo ambalo hutajwa mara chache, hali limo katika kila nyumba anamozaliwa mtoto. Jambo lenyewe ni swali hili: Mtoto huyu aliyezaliwa leo amekaa majuma mangapi tumboni mwa mamaye?

Sisi si madaktari wala hatujidai kuwa waganga. Kazi yetu ni ya kalamu na daftari. Lakini ye yote aliyepata kulitazama daftari la uzazi anajua kwamba ziko safu za jina, tarehe, uzito, na majuma ya mimba. Tarehe huandikwa bila shaka, na uzito husomwa katika mizani. Safu ya majuma ndiyo inayosumbua, na mara nyingi huachwa tupu au hujazwa kwa kukisia. Twataka kuwaonyesha kwamba tarakimu hiyo moja ndogo yaweza kuamua kama mtoto atalishwa kwa titi au kwa mpira mwembamba, kama atapelekwa nyumbani au atawekwa hospitali, na wakati mwingine kama ataishi au atakufa.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno. Mimba iliyotimia huhesabiwa kuwa majuma 40, yaani siku 280, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama. Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia majuma 37 ndiye tunayemwita njiti. Hata katika njiti mna daraja: walio chini ya majuma 28 ni wachanga kupita kiasi, walio kati ya 28 na 32 ni wachanga sana, nao walio kati ya 32 na 37 wamekaribia kutimia. Shirika la Afya la Dunia limekadiria kwamba katika mwaka 2020 watoto kama milioni 13.4 walizaliwa njiti ulimwenguni, yaani karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Taabu zitokanazo na kuzaliwa mapema ndizo zinazoua watoto walio chini ya miaka mitano kuliko sababu nyingine yo yote. Basi hili si jambo la nyumba moja au mbili.

Wengi wetu hudhani kwamba mizani yatosha: mtoto akiwa mdogo ni njiti, na akiwa mkubwa ametimia. Wataalamu wenyewe walidhani hivyo kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Finland, Arvo Ylppö, aliweka mpaka wa gramu 2,500, na mpaka huo ukafuatwa katika nchi nyingi. Lakini baadaye ikaonekana kwamba uzito na umri ni mambo mawili mbalimbali. Mwaka 1961 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya la Dunia ilishauri kwamba watoto walio chini ya gramu 2,500 waitwe watoto wenye uzito mdogo, wala wasiitwe wote njiti. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Frederick Battaglia na Lula Lubchenco, walieleza jinsi ya kumtazama mtoto kwa uzito na umri pamoja, ili ijulikane kama ni mdogo kwa umri wake, au wa kadiri, au mkubwa kwa umri wake.

Tuchukue mfano. Watoto wawili wamelala katika chumba kimoja, na kila mmoja ana uzito wa gramu 1,900. Wa kwanza amekaa tumboni majuma 33. Uzito wake ni wa kadiri kwa umri wake, lakini mapafu yake hayajakomaa vema, hajui bado kunyonya na kumeza na kuvuta pumzi kwa mpango mmoja, kwa kuwa maarifa hayo humjia mtoto kwenye juma la 34 hivi. Wa pili amekaa majuma 39. Mapafu yake yamekomaa naye aweza kunyonya, lakini alipungukiwa na chakula humo tumboni, labda kwa sababu malaria iliingia katika kondo la nyuma, au kwa sababu ya shinikizo la damu la mama. Huyu hatari yake kubwa ni kupungukiwa na sukari katika damu na kupatwa na baridi, naye ahitaji kunyonyeshwa upesi na mara kwa mara. Mizani yasema watoto hawa ni sawa. Mizani haikusema uwongo, lakini haikuulizwa swali linalofaa.

Kinyume chake pia ni kweli. Mama mwenye ugonjwa wa sukari aweza kumzaa mtoto wa kilo 3 au zaidi katika juma la 35. Jamaa humtazama wakafurahi na kumsifu kuwa mtoto wa nguvu, kumbe mapafu yake ni ya njiti. Na msidhani kwamba hatari hii huwapata maskini peke yao. Mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, aitwaye Patrick, alizaliwa tarehe 7 Agosti 1963, majuma 5 na nusu kabla ya siku yake. Uzito wake ulipata gramu 2,100, wala hakuwa mdogo kupita kiasi. Alikufa baada ya saa 39 kwa ugonjwa wa mapafu yasiyokomaa, na utajiri wote wa nchi ile haukuweza kumwokoa wakati ule.

Sasa majuma hayo hujulikanaje? Njia ya kwanza ni hesabu ya mama mwenyewe. Kanuni itumiwayo mpaka leo imepewa jina la Franz Naegele, daktari wa Kijerumani wa karne ya 19. Mama aitwaa siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, aongeza siku 7, kisha arudi nyuma miezi 3. Kama hedhi ilianza tarehe 10 Machi, siku 7 zikiongezwa ni tarehe 17, na ukirudi miezi 3 wapata tarehe 17 Desemba. Hiyo ndiyo siku ya kutazamiwa. Ndugu zetu wanaohesabu kwa mwezi mwandamo nao wana hesabu nzuri, maadamu wanajua kwamba siku 280 ni karibu miezi mwandamo tisa na nusu. Mama aliyeuona mwezi akakumbuka kwamba hedhi yake ilianza siku ya nne ya mfungo mosi ametoa habari yenye thamani kubwa, na karani au mkunga asimdharau kwa kuwa hakutumia kalenda ya ukutani.

Njia hii ina udhaifu wake. Mama anayenyonyesha aweza kushika mimba kabla hedhi haijarudi, naye hana tarehe ya kutaja. Mwingine hutokwa na damu kidogo mwanzoni mwa mimba akadhani ni hedhi, na hesabu yake ikapungua mwezi mzima. Mwingine, kwa haya au kwa hofu, hutaja mwezi wo wote ili aondokewe na maswali. Basi wakunga hupima pia kimo cha tumbo la uzazi. Kwa kawaida hufika kwenye kitovu karibu na juma la 20, na hukaribia chini ya kifua karibu na juma la 36. Lakini pacha hulikuza tumbo, na mtoto aliyedumaa hulipunguza, hata kipimo hicho kikapotoka.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema jambo ambalo si rahisi kusemwa mbele ya watu, nalo limeleta ugomvi katika nyumba nyingi. Wanaume wengi wetu hufanya kazi mbali na kwao, nao hurudi nyumbani kwa likizo. Tuseme mume alifika kwake tarehe 24 Desemba, na mtoto akazaliwa tarehe 2 Septemba. Mume ahesabu kwenye kalenda yake apata siku 252, yaani majuma 36 kamili. Kisha asoma karatasi ya hospitali aona imeandikwa majuma 38. Moyo unamruka. Ajiuliza, majuma mawili hayo yametoka wapi, nami sikuwako?

Yametoka katika namna ya kuhesabu. Hospitali huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, na mimba hutunga karibu majuma mawili baadaye. Kwa hiyo katika kila mimba duniani, ya mke wa mfalme na ya mke wa mchungaji, majuma mawili ya kwanza huhesabiwa kabla mimba haijakuwako. Karatasi ya majuma 38 na kalenda ya majuma 36 zinasema neno lile lile. Zaidi ya hayo, kama tutakavyoonyesha, makisio ya umri yafanywayo kwa kumtazama mtoto yaweza kukosea kwa majuma mawili au hata zaidi. Hayakuwekwa yawe ushahidi wa kumshtaki mke. Yaliwekwa yawe msaada wa kumtunza mtoto. Twawasihi wazee wanaoamua mashauri ya nyumba walikumbuke neno hili, kwa maana tarakimu isiyoeleweka yaweza kuvunja ndoa isiyokuwa na kosa.

Njia ya pili ni chombo cha kupiga picha kwa mawimbi ya sauti. Profesa Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza habari za picha hizo mwaka 1958. Picha ikipigwa mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, kitoto hupimwa urefu tangu utosini mpaka matakoni, na umri wake hujulikana kwa kukosea siku chache tu, kama 5 au 7. Sababu yake ni kwamba watoto wote hukua karibu sawasawa mwanzoni. Kadiri mimba inavyokua, mmoja huwa mkubwa na mwingine mdogo, na kipimo huanza kupotoka. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya la Dunia lilishauri kwamba kila mja mzito apigwe picha moja kabla ya juma la 24. Anayekwenda katika mwezi wa nane ataambiwa habari nyingi zenye manufaa, lakini umri hautajulikana tena kwa usahihi ule.

Yafaa wanachama wajue ya kwamba nchi yetu ilikuwa na sehemu yake katika elimu hii. Vipimo vya kimataifa vya ukuaji wa watoto tumboni, vilivyotangazwa mwaka 2014, vilitokana na akina mama wa miji na wilaya nane duniani, na Parklands katika Nairobi ilikuwa mojawapo, pamoja na Muscat, Oxford na mahali pengine. Ilionekana kwamba mama akiwa na afya njema na chakula cha kutosha, mtoto wake hukua tumboni karibu sawa na mtoto wa mama mwingine mwenye hali kama hiyo, awe Mwafrika au Mzungu au Mhindi. Asiseme mtu basi kwamba watoto wetu ni wadogo kwa asili.

Njia ya tatu ni kumsoma mtoto mwenyewe baada ya kuzaliwa. Mwili wa mtoto ni kama kitabu kilichoandikwa juma kwa juma, na aliyefundishwa aweza kuukisia umri wake hata kama mama hakumbuki tarehe yo yote. Mwaka 1970 Lilly Dubowitz na mumewe Victor Dubowitz, pamoja na Cissie Goldberg, walikusanya alama 21, yaani 11 za kutazamwa juu ya mwili na 10 za kupima mishipa ya fahamu na nguvu za viungo. Mwaka 1979 Jeanne Ballard wa Marekani na wenzake walifupisha kazi hiyo ikawa alama 12, sita za mwili na sita za viungo, na mwaka 1991 wakaitengeneza tena ili iwafae hata watoto wachanga mno. Kila dalili hupewa hesabu yake, kisha zote hujumlishwa. Jumla ya 20 ni majuma 32, jumla ya 30 ni majuma 36, na jumla ya 40 ni majuma 40. Kila alama 5 ni majuma 2.

Tuzieleze dalili chache ili wanachama waelewe.

Ngozi ya njiti mchanga sana ni nyekundu, nyembamba na laini, na mishipa ya damu huonekana ndani yake. Kadiri siku zinavyotimia ngozi huwa nene, mishipa hufichika, na mwisho ngozi huanza kubambuka na kupasuka kidogo. Mtoto aliyepita siku zake huwa na ngozi kavu kama iliyokaa majini muda mrefu kisha ikaanikwa. Watu wa rangi nyeusi na watu weupe hutofautiana wekundu, basi mkaguzi asitegemee rangi peke yake bali unene na mishipa.

Malaika, yaani vinyweleo laini vya mwilini, huwa tele mgongoni mwa njiti. Hupungua baadaye, na mtoto aliyetimia huwa na sehemu kubwa ya mgongo iliyo wazi.

Wayo wa mguu hutazamwa mikunjo yake. Njiti wayo wake ni laini kabisa au una alama hafifu. Kisha hutokea mkunjo mmoja mbele, karibu na vidole, halafu mikunjo hushuka mpaka theluthi mbili za wayo, na mtoto aliyetimia huwa na mikunjo mpaka kisiginoni. Dalili hii yafaa itazamwe mapema, kwa kuwa ngozi ikikauka hutokea mistari mingine isiyo na maana.

Titi hupapaswa kwa kidole. Njiti mchanga hana kitu cha kushikika. Baadaye hupatikana kivimbe cha milimita 1 au 2, kisha 3 au 4, na aliyetimia huwa nacho cha milimita 5 mpaka 10.

Sikio la njiti likikunjwa hubaki limekunjika, kwa kuwa gegedu lake halijawa gumu. La mtoto aliyetimia huruka mara moja likarudi mahali pake. Macho ya mtoto mchanga mno huwa yamefungamana kope zake, nazo hufunguka karibu na juma la 26. Tena hutazamwa kama korodani za mtoto wa kiume zimeshuka na mfuko wake una makunyanzi, na kwa mtoto wa kike kama sehemu za nje zimekua zikafunika za ndani.

Kisha viungo. Njiti hulala amenyoosha mikono na miguu kama aliyechoka, lakini aliyetimia hujikunja. Mkono wa njiti ukinyooshwa kisha ukaachwa hubaki ulivyo, na wa aliyetimia hurudi upesi kwenye mkunjo wake. Mkono wa njiti waweza kuvutwa mbele ya shingo kama mtandio mpaka kiwiko kivuke kifua, na mguu wake waweza kuinuliwa mpaka kisigino kikaribie sikio, lakini aliyetimia huzuia. Kiganja, kinyume cha tulivyodhani, hukunjika zaidi kwa aliyetimia: chake hulala juu ya mkono, na cha njiti husimama kama pembe ya nyumba. Haya yote hufanywa kwa upole na mtu aliyefundishwa, mahali pa joto, wala si mchezo wa jamaa waliokuja kumwona mtoto.

Tumesema kwamba makisio haya hukosea. Mtoto mgonjwa au aliyetoka katika uzazi mgumu hulegea viungo, akaonekana mchanga kuliko alivyo. Mtoto aliyedumaa tumboni huwa na titi dogo kwa kukosa mafuta, si kwa kukosa majuma. Mwaka 2017 watafiti waliokusanya chunguzi nyingi za nchi mbalimbali walionyesha kwamba alama za Ballard zaweza kupotoka hata karibu majuma 4 kwa upande huu au ule. Basi mkunga mwenye busara huanza na picha ya mapema, kama ipo, hufuata tarehe ya mama, kisha humsoma mtoto. Mashahidi watatu wakikubaliana, yu na yakini. Wakipingana, humtunza mtoto kama yule aliye mdogo zaidi, maana kumpa joto mtoto asiyelihitaji sana si hasara, lakini kumnyima anayelihitaji ni msiba.

Bwana Mwenyekiti, iko imani moja tusiyoweza kuipita kimya. Hunenwa kwamba mtoto wa miezi saba huishi, bali wa miezi minane hufa. Imani hii ni ya kale mno, hata Wayunani wa kale waliiandika katika vitabu vyao vya uganga. Haina kweli ndani yake. Kila juma analoongeza mtoto tumboni huongeza nguvu zake za kuishi, na mtoto wa miezi minane ana tumaini kubwa kuliko wa saba. Ubaya wa imani hii ni kwamba jamaa hukata tamaa mapema. Mtoto mwenye majuma 35 huachwa pembeni ya kitanda kwa kuwa “huyu ni wa minane”, na baridi humwua. Kisha watu husema, si tulisema? Kumbe aliyemwua si mwezi wa nane bali ni kuachwa.

Mtauliza, tukiyajua majuma, faida yake nini? Faida yake twaweza kuionyesha kwa dawa moja. Mwaka 1972 madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza kwamba mama akichomwa sindano ya dawa fulani kabla ya kujifungua mapema, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi sita, na Kenya ikiwamo, ambapo dawa hiyo ilienezwa hata mahali ambapo umri wa mimba ulijulikana kwa kukisia. Wengi waliochomwa walikuja kuzaa watoto waliotimia, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga havikupungua bali viliongezeka. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine wa nchi tano, na Kenya ikiwamo tena, uliwachagua akina mama wa majuma 26 mpaka 33 ambao umri wa mimba zao ulihakikishwa kwa picha, katika hospitali zenye kuweza kuwatunza watoto. Hapo dawa hiyo iliokoa watoto. Sindano ilikuwa na kazi ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa katika kuyajua majuma na katika utunzaji uliofuata.

Msaada mwingine hauhitaji kiwanda. Mwaka 1978 madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez wa Bogotá katika Kolombia, wakikosa mashine za joto za kutosha, waliwaweka njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hiyo huitwa ya kangaruu, kwa jina la mnyama abebaye mwanawe mfukoni. Mwaka 2021 uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliongoja mpaka wapate nafuu kwanza. Kifua cha mama, na hata cha baba, ni mashine isiyozimika umeme.

Na kwa mama anayejifungulia mbali na hospitali, watafiti wa kusini mwa Tanzania walitangaza mwaka 2010 kwamba urefu wa wayo waweza kusaidia. Wayo ulio mfupi chini ya sentimita 7 ni ishara ya mtoto mdogo sana anayepaswa kupelekwa upesi kwa wataalamu, akiwa amefungwa kifuani mwa mamaye njiani. Kipimo hicho hakisemi ni majuma mangapi, lakini chasema, “Msikae.”

Kwa sababu hizo Halmashauri yetu yauomba Mkutano huu ukubali mambo matatu.

La kwanza, kila nyumba ya mwanachama iandike tarehe. Mke aonapo hedhi yake, aweke alama katika kalenda au katika daftari lake, na mume asilione hilo kuwa jambo la aibu. Mimba ikishikwa, tarehe hiyo iandikwe katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto siku ya kwanza ya kwenda kliniki.

La pili, mfuko wa uzazi wa Chama utoe nauli na gharama ya picha katika miezi mitatu ya kwanza, wala usingoje siku ya uchungu. Twajua wako wanachama wanaosema kwamba fedha za Chama ni za mazishi na za dharura, na kwamba mwanamke mwenye mimba changa si mgonjwa. Twawaheshimu, lakini twawauliza: Je, si afadhali kulipa nauli ya basi katika mwezi wa tatu kuliko kununua sanduku dogo katika mwezi wa nane? Chama kilichoanzishwa ili kiwasaidie watu kimepungukiwa kama kinakumbukwa makaburini tu.

La tatu, mama mwenye njiti akilazwa hospitali kwa majuma mengi asiachwe peke yake. Mama mkwe, wifi na dada wapokezane kumsaidia, baba naye ajifunze kumbeba mtoto kifuani. Halmashauri itaweka vitenge na kofia za sufi za watoto, na mwanachama ye yote ataviazima bila malipo.

Hayo ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Twaona kwamba kazi kubwa ya kuokoa watoto hawa imo mikononi mwa wauguzi na madaktari, nasi twawaombea nguvu. Lakini daktari hawezi kuisoma tarehe ambayo haikuandikwa, wala kumpima mtoto aliyefichwa nyumbani kwa kukatiwa tamaa. Sehemu hiyo ni yetu sisi. Yaachwe sasa mapendekezo haya matatu mikononi mwenu, mwulize maswali, mbishane kwa adabu, kisha mpige kura kama mioyo yenu inavyowaongoza.